Shajara ya kete 64: kuivunja nambari 18,446,744,073,709,551,615

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo tumeanza. Chama chetu kidogo cha hisabati, chenye wanafunzi tisa wa shule za upili na mimi mwalimu wao, kimekubaliana kuzitumia Jumamosi zote baada ya sala ya alasiri, kuanzia leo hadi Ramadhani itakapokaribia, kuichunguza nambari moja tu. Tunakutana Langoni, hapa Lamu, kwenye baraza ya mzee mmoja aliyecheza bao tangu utotoni, na kwa hakika yeye ndiye aliyetupa nambari hiyo. Juma lililopita alikuwa akizipanga kete zake za komwe huku akiwaeleza vijana kwamba bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, yaani kila mchezaji na kete zake 32. Binti mmoja wa kidato cha pili akauliza: mtu akiambiwa achague kete zozote anazotaka, iwe moja, iwe kumi, iwe zote, ana njia ngapi za kuchagua?

Swali hilo linajibika kwa wepesi kuliko linavyosikika. Kila kete ina hali mbili tu: ama imechukuliwa, ama imeachwa. Kete moja ina njia 2, kete mbili zina njia 4, kete tatu zina njia 8, na kila kete inayoongezeka huzidisha idadi mara mbili. Kwa kete 64 tunapata 2 iliyozidishwa yenyewe mara 64, ambayo nitaiandika 2⁶⁴, na tukiondoa ile njia moja ya kuziacha zote bila kuchukua hata moja, tunabaki na 2⁶⁴ toa 1. Ni nambari ile ile ya kisa cha nafaka za sataranji, ambamo mraba wa kwanza huwekwa punje 1, wa pili punje 2, wa tatu 4, hadi mraba wa 64. Mwanazuoni Abu Rayhan al-Biruni aliikokotoa kikamilifu karibu na mwaka 1000, bila mashine ya aina yoyote, nasi tumeazimia kuipata kwa kalamu kama yeye, kisha tuivunje hadi kwenye nambari tasa zake, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kisha tuorodheshe vigawo vyake vyote, yaani kila nambari inayoigawanya bila baki.

Tumekubaliana pia juu ya maneno. Shuleni hesabu hufundishwa kwa Kiingereza, lakini barazani tutasema shufwa na witiri, nambari tasa, kigawo, zao na baki. Neno witiri halikuhitaji maelezo kwa yeyote, kwa kuwa kila aliyekuwapo anaijua sala ya witri na sababu ya kuitwa hivyo.

Tulipozihesabu kete ili tuanze kwa uhakika, tulipata 63. Nikahesabu mwenyewe, nikapata 63 vilevile. Mzee hakuinua hata uso. "Mwalimu, hesabu tena. Hizo ni sitini na nne tangu zilipokuwa za babangu." Kete iliyokosekana ilikuwa chini ya mkeka.

Jumamosi, 18 Januari

Kazi ya leo ilikuwa kupata tarakimu zote. Hakuna haja ya kuzidisha kwa 2 mara 64, kwa sababu mtu anaweza kuizidisha nambari kwa yenyewe na kuruka hatua nyingi kwa pamoja: 2 kwa 2 ni 4, 4 kwa 4 ni 16, 16 kwa 16 ni 256, 256 kwa 256 ni 65,536, na 65,536 kwa yenyewe ni 4,294,967,296, ambayo ni 2³². Hatua ya sita ndiyo yenye kazi, kwa kuwa inatupasa kuizidisha nambari hii ya tarakimu kumi kwa yenyewe.

Kijana mmoja alikuwa amejaribu nyumbani kwa lahajedwali la kompyuta, akatuletea jibu kwa furaha: 18,446,744,073,709,600,000. Binti yule yule wa kidato cha pili alilitazama kwa muda mfupi akasema haliwezi kuwa sahihi, kwa sababu nambari inayopatikana kwa kuzidisha 2 peke yake huishia 2, 4, 8 au 6, zikifuatana kwa zamu hiyo bila kukoma, na haiwezi kuishia 0 hata siku moja, kwani nambari inayoishia 0 ni lazima igawanyike kwa 5. Alikuwa na haki kabisa. Lahajedwali hilo huonyesha tarakimu 15 tu za mwanzo, likiikadiria ya mwisho wake, na kujaza sifuri mahali pa zilizobaki. Tulipoliagiza litoe 1 kutoka kwenye jibu lake, lilionyesha nambari ile ile bila badiliko lolote, na hapo kila mtu akaelewa kwa nini tunashika kalamu.

Tulitumia njia ya wavu, ambayo wanahisabati wa nchi za Kiislamu waliitumia kwa karne nyingi. Unachora miraba 10 kwa 10 kwenye karatasi ya manila, unaandika tarakimu za nambari juu na ubavuni, kila mraba unaukata kwa mstari wa mshazari, kisha makumi ya kila zao unayaandika juu ya mshazari na mamoja chini yake. Miraba mia moja ikishajaa, unajumlisha kwa kufuata mishazari kutoka pembe ya chini kulia, ukibeba kinachozidi. Karatasi ile iliwambwa juu ya mkeka, ikashikiliwa pembe zake kwa kete nne ili upepo wa kaskazi usiichukue.

Jibu la kwanza lilikuwa na kosa, na namna tulivyoligundua inastahili kuandikwa. Kabla ya kuanza nilikuwa nimewafundisha kuondoa tisa: unajumlisha tarakimu za nambari, unajumlisha tena za jumla hiyo, hadi ubaki na tarakimu moja, ambayo ndiyo baki ya nambari hiyo ikigawanywa kwa 9. Kwa 16 unapata 7, kwa 256 unapata 4, kwa 65,536 unapata 7, kwa 4,294,967,296 unapata 4. Zinapokezana, kwa sababu 4 mara 4 ni 16, ambayo huacha 7, na 7 mara 7 ni 49, ambayo huacha 4. Kwa hiyo 2⁶⁴ ni lazima iache 7. Jibu letu liliacha 8. Tuliupitia wavu mraba kwa mraba hadi tukaupata mmoja ambamo 9 mara 7 ilikuwa imeandikwa 64. Uliposahihishwa, tukapata 18,446,744,073,709,551,616, ambayo jumla ya tarakimu zake ni 88, kisha 16, kisha 7.

Kuondoa tisa hakuwezi kuona kila kosa. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, baki haibadiliki. Kwa hiyo niliwataka wawili warudie kwa njia nyingine kabisa, wakiigawa 4,294,967,296 katika 42,949 na 67,296. Kipeo cha pili cha sehemu ya kwanza, yaani ikizidishwa kwa yenyewe, ni 1,844,616,601. Zao la sehemu zote mbili likizidishwa mara mbili ni 5,780,591,808. Kipeo cha pili cha sehemu ya mwisho ni 4,528,751,616. Walipozipanga kwa nafasi zake na kuzijumlisha, tarakimu zote ishirini zililingana na za wavu. Nikitoa 1, nambari yetu ni 18,446,744,073,709,551,615.

Jumamosi, 25 Januari

Leo palikuwa na mvuto wa kujua ukubwa wake, nami niliuruhusu kwa siku moja. Tulihesabu punje 1,000 za mchele, tukazipeleka kwa sonara wa mtaani, naye akazipima kwa mizani yake ya dhahabu: gramu 21. Kwa kipimo hicho punje za nambari yetu zingekuwa na uzito wa takriban tani bilioni 387. Mavuno ya mchele ya dunia nzima kwa mwaka ni kama tani milioni 500, basi ingehitajika zaidi ya miaka 700 ya mavuno kama hayo, bila mtu yeyote kula.

Ukubwa huo unashangaza, lakini hautuambii lolote juu ya tabia ya nambari. Mchele wenyewe ulirudishwa jikoni.

Jumamosi, 1 Februari

Siku ya kuivunja. Nilitarajia wafadhaike mbele ya tarakimu ishirini, kwa hiyo nilianza na jambo dogo: nambari yoyote iliyozidishwa kwa yenyewe, ukitoa 1, ni zao la jirani yake wa chini na jirani yake wa juu. Kumi mara kumi ni 100, na 99 ni 9 mara 11. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256, na 255 ni 15 mara 17.

Sasa 2⁶⁴ ni 2³² iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo nambari yetu ni zao la majirani wawili, 4,294,967,295 na 4,294,967,297. Yule wa chini naye ni kipeo cha pili kilichotolewa 1, basi anavunjika kuwa 65,535 na 65,537. Halafu 65,535 inavunjika kuwa 255 na 257, kisha 255 kuwa 15 na 17, kisha 15 kuwa 3 na 5. Kwa dakika chache, bila kugawanya hata mara moja, nambari yetu ilikuwa imelala mkekani vipande vipande: 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297.

Kila kipande ni mojawapo ya nambari zinazopatikana kwa kuanza na 2 na kuzidisha kwa yenyewe kila mara (2, 4, 16, 256, 65,536 na kuendelea) ikiongezwa 1, na nambari za namna hiyo huitwa nambari za Fermat. Mwaka 1640, Pierre de Fermat wa Ufaransa aliandika kwamba anaamini zote ni tasa, ingawa hakuwa na uthibitisho. Tano za mwanzo ni tasa kweli, na wanafunzi walilithibitisha hilo wenyewe kwa 257, kwa kuigawanya kwa nambari tasa zote hadi 13, kwani 17 mara 17 tayari inaizidi. Kwa 65,537 inabidi kufika hadi 251, nao waligawana kazi na kuimaliza kabla ya magharibi.

Kijana mmoja, anayejifunza nakshi za mbao kwa mjomba wake, alivutiwa nilipoeleza kwamba mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss aligundua kuwa umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake, na kwamba sababu yake ni kuwa 17 ni nambari tasa ya Fermat. Yeye hugawanya duara katika sehemu 6, 8 na 12 kila siku, na alitaka kujua kama 7 inawezekana kwa usahihi kamili. Haiwezekani. Inawezekana kwa 3, 5, 17, 257 na 65,537, na kwa mazao ya hizo zikichukuliwa mara moja moja, na kwa yoyote kati ya hizo, au 2 yenyewe, ikizidishwa mara mbili mara nyingi utakavyo. Hakuna nambari tasa nyingine ya Fermat inayojulikana hadi leo.

Kilibaki kipande cha mwisho.

Jumamosi, 8 Februari

Kuanzia saa kumi hadi adhana ya magharibi tulikuwa na 4,294,967,297 peke yake, na hii ndiyo siku niliyoifurahia kuliko zote.

Ukitaka kujua kama ni tasa kwa kujaribu vigawo mfululizo, itabidi ujaribu nambari tasa zote hadi 65,536, nazo ni maelfu. Mwanahisabati Leonhard Euler aliifupisha njia hiyo mwaka 1732, na ufunguo wake ni mzunguko wa mabaki. Chukua 17. Anza na 1, zidisha kwa 2 kila mara, na kila ukifika 17 au zaidi toa 17: unapata 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, kisha unarudi 1. Hatua nane, na umerudi ulipoanzia, kama mkono wa mchezaji unaolizunguka bao ukamwaga kete ya mwisho kwenye shimo ulilotokea. Fermat mwenyewe alijua kwamba kwa nambari tasa yoyote ya witiri, urefu wa mzunguko huo huigawanya nambari hiyo ikitolewa 1 bila baki: 8 huigawanya 16.

Tuseme sasa kwamba kuna nambari tasa inayoigawanya 4,294,967,297, yaani 2³² ongeza 1. Basi kwa nambari tasa hiyo, hatua ya 32 inatufikisha kwenye hasi 1, yaani baki iliyopungua 1 tu kuifikia nambari tasa yenyewe (kama 16 kwa 17), na hatua ya 64 inatufikisha kwenye 1. Mzunguko wake ni lazima uigawanye 64, lakini hauwezi kuwa mfupi kuliko 64, kwa sababu kigawo chochote kidogo cha 64 huigawanya 32 pia, na hapo hatua ya 32 ingekuwa 1 badala ya hasi 1. Mzunguko ni 64 kamili. Kwa hiyo nambari tasa tunayoitafuta, ikitolewa 1, hugawanyika kwa 64.

Niliwaacha walitafakari hilo kimya. Kisha mmoja akaanza kuandika: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Akafuta zisizo tasa. Zilibaki tano: 193, 257, 449, 577, 641.

Waligawanya kwa mkono, mmoja akiandika na wengine wakimfuata kwa macho. Kwa 193, baki 109. Kwa 257, baki 2, na hapo binti mmoja akamwambia mwenzake asingejisumbua, kwa kuwa 257 tayari inaigawanya 4,294,967,295, na nambari yetu imeizidi hiyo kwa 2. Kwa 449, baki 325. Kwa 577, baki 288. Kwa 641 walishuka tarakimu kwa tarakimu, na aliyekuwa na kalamu alipofika kwenye mstari wa mwisho alisimama kabla ya kuandika sifuri, akatutazama, kisha akaiandika. Jibu la mgawanyo ni 6,700,417.

Fermat aliishi miaka 25 baada ya kuiandika dhana yake, naye ndiye aliyekuwa na kanuni ya mzunguko mkononi. Kigawo kilikuwa cha tano katika orodha. Nimelifikiria hilo njia nzima nikirudi nyumbani.

Ijumaa usiku, 14 Februari

Maelezo mafupi. Binti wa kidato cha pili ameniletea daftari lenye swali lake mwenyewe: ingekuwaje kama ile kete chini ya mkeka haingepatikana? Kwa kete 63 nambari ni 9,223,372,036,854,775,807, na njia yetu ya majirani haifanyi kazi, kwa kuwa 63 ni witiri na 2⁶³ si kipeo cha pili cha nambari kamili yoyote. Ila 63 hugawanyika kwa 3, 7 na 9, basi nambari hiyo hugawanyika kwa 2³ toa 1, ambayo ni 7, na kwa 127, na kwa 511, ambayo ni 7 mara 73. Yote hayo alikuwa ameyaona. Nilichomwongezea ni kwamba 7 inaingia mara mbili, na kwamba vigawo tasa vilivyobaki ni 337, 92,737 na 649,657. Kete moja tu, na nambari imebadilika tumbo lote.

Jumamosi, 15 Februari

Mambo mawili leo. La kwanza, nilitaka waone kwamba 641 inaweza kuthibitishwa bila kugawanya. Andika 641 kwa namna mbili: 640 ongeza 1, na 625 ongeza 16. Kwa kuwa 640 ni 5 mara 2⁷, katika mabaki ya 641 zao hilo ni sawa na hasi 1, na likizidishwa lenyewe mara nne, 5⁴ mara 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 625 ni 5⁴ na 16 ni 2⁴, basi 5⁴ ni sawa na hasi 2⁴. Weka hii mahali pa ile, upate kwamba hasi 2³² ni sawa na 1, yaani 2³² ongeza 1 haiachi baki yoyote. Mistari minne. Waliinakili kila mmoja kwa mkono wake.

La pili, je, 6,700,417 ni tasa? Kipeuo chake cha pili, yaani nambari ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huitoa, hakifiki 2,589, basi hatuna haja ya kujaribu zaidi ya hapo, na kigawo chake tasa chochote kingekuwa pia kigawo cha 4,294,967,297, kwa hiyo kanuni ya mzunguko bado inatuhudumia. Hapa nilitumia kanuni kali zaidi ya Édouard Lucas ya mwaka 1878, isemayo kwamba kigawo hicho kikitolewa 1 hugawanyika kwa 128, si 64 tu. Kuna nambari ishirini za namna hiyo chini ya 2,589, na tasa kati yake ni tano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Ya kwanza tuliikataa juma lililopita. Nyingine ziliacha 44, 120, 334 na 622. Migawanyo minne, na 6,700,417 ni tasa.

Nambari yetu basi ni zao la 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417, kila moja mara moja tu.

Walitaka kujua kuhusu jirani yake, 2⁶⁴ ongeza 1, ambayo imeizidi yetu kwa 2. Hiyo ni nambari ya Fermat inayofuata, na Fortuné Landry aliivunja mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 82: 274,177 mara 67,280,421,310,721. Hatukujaribu kuirudia kazi yake.

Jumamosi, 22 Februari

Siku ya mwisho, nayo ni ya vigawo vyote. Kigawo chochote cha nambari yetu hupatikana kwa kuchagua baadhi ya zile nambari tasa saba na kuzizidisha. Kila moja ama imechukuliwa, ama imeachwa. Nilipoyatamka maneno hayo, watatu walinyanyua vichwa kwa pamoja, kwa sababu ndiyo hesabu ile ile ya kete tuliyoanza nayo Januari: 2 ikizidishwa yenyewe mara saba ni 128.

Orodha yao, hata hivyo, ilikuwa na vigawo 127. Walikagua mazao upya kwa nusu saa bila kupata kosa, hadi mmoja akakumbuka kwamba siku ya kwanza tuliiondoa njia ya kuziacha kete zote, nao leo wameiondoa tena kwa mazoea. Hapa haiondolewi. Kuziacha nambari tasa zote saba kunakupa 1, ambayo ni kigawo halali.

Tuliviandika kwa mpangilio: 1, 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255, 257, 641, 771, 1,285, na kuendelea hadi nambari yenyewe. Kisha tukavioanisha kutoka pande zote mbili, cha kwanza na cha mwisho, cha pili na cha kabla ya mwisho, kila jozi ikikaguliwa kwamba zao lake ni tarakimu zile ishirini. Vigawo 128 vinatoa jozi 64. Mzee alisogeza ubao wake karibu nasi bila kuombwa, na kila jozi iliyokubalika tuliiwekea kete moja, shimo kwa shimo.

Jozi ya kwanza ilikuwa 1 na nambari nzima. Jozi ya 64 ilikuwa 4,294,967,295 na 4,294,967,297, majirani wawili wa 2³², na haiwezekani kuwa na jozi yenye vigawo vilivyokaribiana kuliko hivyo. Kete ya mwisho ilipotua, kila shimo kati ya 32 lilikuwa na kete mbili. Mzee aliutazama ubao akacheka kwa upole.

"Mmepanga bao la kujifunza, wanangu. Nani anaanza?"